Je, wajua? Kwa nini transista kubwa za kisasa zinaweza kuichoma ampli ya zamani

Kwa mafundi redio wa hapa Mwanza, iwe Kirumba au Igoma, ampli ya sterio ya miaka ya 70 ikifunguliwa tu mwenyewe anatoa oda: fundi hizi transista za mwisho, zinazosukuma spika, toa zote, niwekee kubwa, nataka mziki mnene. Kuna fundi atakubali maana hela ni hela. Sasa hivi kweli mziki unaongezeka?

Hauongezeki. Wati zinatoka kwenye pawa saplai, transista kazi yake ni kupitisha kile kilichopo. Ampli yenye volti 35 chanya na 35 hasi, ukiweka spika ya omu 8, unachukua 35 mara 35 unagawa kwa 16 (omu 8 mara 2), unapata kama wati 76, zikipungua zinazopotea njiani unabaki na 60 hivi basi. Ile wati 115 iliyoandikwa kwenye datashiti (karatasi ya vipimo) ya 2N3055, transista ya mwisho ya ampli nyingi za zamani, ni joto ambalo transista inavumilia, tena mwili wake ukiwa nyuzi 25 tu, na kwa hitisinki (bati la kupoza transista) inayopiga kazi jua la Mwanza hiyo 25 sahau.

Shida kubwa ni spidi, na hapa ndo watu wengi hawaangalii. 2N3055 ilitolewa na RCA mwanzoni mwa miaka ya 60, na zile za mwanzo mwisho wake ulikuwa chini ya megahezi 1. Aliyechora ile ampli alipanga kila kitu kwa uzito huo, vikapasita vya kuituliza, urefu wa nyaya kutoka kwenye bodi mpaka hitisinki, kila kitu. Halafu leo unakuja na 2SC5200, transista kubwa ya kisasa, ya megahezi 30, ni sawa na kufunga injini ya boti ya mwendokasi kwenye mtumbwi wa dagaa. Zile nyaya ndefu ambazo transista ya zamani hata haikuzijali, hii mpya inaziona kama koili, inaanza kutetemeka yenyewe kwa mawimbi ya juu sana ambayo sikio halisikii, we unaona tu hitisinki inachemka na mziki haujawekwa, twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zinakufa, na ile resista ya omu 10 karibu na tundu la spika imekuwa nyeusi kama mkaa. Ukiikuta hivyo usibadili resista peke yake ukaondoka!

Transista za mwisho zikiwa zimekufa kweli tafuta inayofanana spidi ila volti na ampea zimezidi. MJ15003 kwa mfano, volti 140, ampea 20, megahezi 2, nayo inakaa vizuri sehemu ya 2N3055 ambayo volti zake ni 60 tu. Feki ni nyingi balaa, hasa hizo 2SC5200, ndani unakuta kichipu kidogo kuliko kinachotakiwa, kwahiyo bei ikiwa ya kitonga jiulize.

Mimi ningeanza na kapasita za pawa saplai, baada ya miaka 40 nyingi zimekauka na mvumo unaousikia unatokea huko, transista hata hazihusiki.

Kwenye kufunga, usisahau karatasi ya maika inayozuia umeme na grisi maana mwili wa hizi za chuma ndo kolekta yenyewe, ikigusa hitisinki ni shoti. Kagua na vitransista vidogo vinavyozisukuma, kubwa ikifa huwa inaondoka navyo. Halafu pima bayasi, yaani umeme mdogo unaopita kwenye transista mziki haujawekwa, kwenye resista ya omu 0.33 ukisoma milivolti 10 ina maana zinapita kama miliampea 30, ila fuata namba ya ampli yako.

Kabla ya kuchomeka moja kwa moja kwenye umeme, pitisha waya mmoja kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100. Ikiwaka ikafifia endelea, ikibaki inawaka kwa nguvu zima, kuna shoti na bado hujaunguza kitu.