Ubongo wa njiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Daktari akishasema damu imevuja kwenye ubongo wa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, ndugu huanza kutafuta mkosaji. Mama alibeba ndoo, alikula kitu fulani, au muuguzi alimshika vibaya. Ukweli ni kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 za mimba bado ana mishipa ya damu myembamba mno kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo, mishipa ambayo angebaki tumboni ingetoweka yenyewe. Msukumo wa damu ukipanda na kushuka ghafla, hupasuka, mara nyingi ndani ya saa 72 za kwanza. Mwacheni mama anyonyeshe kwa amani.

"Basi huyo atakuwa mlemavu." Hapana, si lazima. Uvujaji una daraja la 1 hadi la 4, na wengi wa daraja la 1 na la 2 hukua vizuri. Daraja la 3 na la 4 ndiyo yenye hatari kubwa ya mtindio wa ubongo au maji kujaa kichwani. Kwa hiyo muulizeni daktari ni daraja gani. Na picha ya kwanza ya ubongo ikiwa safi msiage kliniki, maana madhara mengine huonekana baada ya wiki kadhaa. Ultrasaundi hupigwa juu ya utosi, haina mionzi wala haiumizi.

Kwamba mtoto wa miezi saba hupona kuliko wa miezi minane ni uzushi; kila wiki tumboni ni faida.

Kisha kuna "mbona mwenzake wa umri huo ameshaanza kukaa?" Aliyezaliwa wiki ya 28 aliwahi kwa takriban miezi mitatu. Akifika miezi sita, mpimeni kama wa miezi mitatu, na hesabu hiyo iendelee hadi miaka miwili. Lakini isiwe kisingizio. Miguu ikikakamaa kila ukimbadilisha nepi, au akitumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, mpelekeni mapema, kwa sababu mazoezi yanayoanza mapema humsaidia zaidi.

Linaloniuma zaidi ni kudhani kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ni ya hospitali zisizo na mashine. Utafiti uliochapishwa 2021, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo hivi. Mama akichoka, baba avue shati ampokee.