Usilichue Goti Lililoumia: Mguu Huokolewa Saa za Mwanzo

Malalamiko mengi yanayofika dawati letu la huduma kwa wateja yanafanana: "Ndugu yetu aliingia na mguu, ametoka hana." Familia inaamini madaktari wa mifupa tuna haraka ya kukata. Nimetakiwa kulitolea hilo ufafanuzi, nami nitaanza na njia anayopita mgonjwa kabla hajatufikia.

Mchukue kijana wa bodaboda aliyegongwa maeneo ya Mbagala. Goti limetoka mahali pake, likarudi lenyewe wakati wananyanyua mguu. Kwa macho umenyooka, hauna jeraha la kutisha, hivyo nyumbani wanasema ameteguka. Anaitwa mzee anayejua kuchua. Goti linapakwa mafuta, linavutwa, linafungwa gango la mabanzi na kukazwa kwa vipande vya kanga. Usiku kijana analia maumivu, anaambiwa avumilie, ndiyo dawa inafanya kazi. Siku ya nne analetwa. Nikifungua ile kanga nakuta vidole vya baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu, rangi imeanza kuwa nyeusi. Nikibonyeza kucha na kuachia, wekundu haurudi. Mguu huo umeshakufa, na tukiuacha sumu yake itamuua mwenye nao. Mama yake ananiuliza, "Daktari, si mnge­mwekea vyuma tu?" Hapana, mama. Chuma hushika mfupa. Hakifufui nyama.

Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni, nao umeshikizwa juu na chini kama kamba ya kuanikia nguo. Goti likichomoka, mshipa huvutwa, na unaweza kuchanika hata kama ngozi haina mkwaruzo. Misuli isiyopata damu huanza kufa kabisa ikikaa hivyo kwa muda wa kama saa 6. Gango lililokazwa juu ya mguu unaovimba huleta balaa lile lile kwa njia nyingine: shinikizo linapanda ndani ya misuli hadi damu haipiti. Kwa hiyo ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, maumivu makali vidole vinaponyooshwa, ganzi, au mguu mmoja wa baridi kuliko mwenzake, kata vifungo vyote na uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Wakati wa kumsafirisha, egemeza mguu kwenye ubao au mto, ufunge bila kukaza, vidole vibaki wazi vionekane.

Sasa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa watu wanapoteza saa nyingi hapo. Majeruhi mwenye hali ya dharura hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Kumzungusha mtu anayevuja damu kwenye bajaji mkitafuta kituo cha polisi ni kosa, na ninasikitika kwamba hadi leo linafanyika. Ndugu mmoja aende na mgonjwa, mwingine aende polisi. Aseme jina la majeruhi, mahali na saa ya ajali, na namba za vyombo vilivyohusika kama zinajulikana. Fomu hutolewa bure. Ikishagongwa muhuri, iletwe hospitali, daktari ajaze sehemu yake, kisha irudishwe polisi. Kabla haijarudishwa, toeni nakala mbili mzihifadhi. Pasipo fomu hiyo, madai ya fidia kwa kampuni ya bima hukwama na ushahidi mahakamani hupwaya. Aliyeumia akiwa kazini amjulishe pia mwajiri mapema, ili mwajiri naye apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Barua ya rufaa ni jambo lingine kabisa. Dharura haidai barua. Goti linalouma tangu mwaka jana linaanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Mwananyamala au Temeke, na likihitaji ubingwa zaidi linapelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Ukiruka ngazi hizo, unakaa foleni moja na mtu mwenye nyonga iliyovunjika, na bima yako inaweza kugoma kulipa.

Kuhusu wanaoumia, pikipiki ndiyo inayonisumbua zaidi. Goti la abiria limechomoza nje, usawa wa bampa ya gari. Mkibebana mishikaki, yule wa katikati na wa nyuma wanatanua miguu zaidi, na anayeketi upande hana cha kushikilia. Sheria inakataza kuzidisha abiria na inamtaka dereva na abiria wavae kofia ngumu. Faini ya kosa moja kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 katika bajeti ya 2021/22. Wapo wanaoona elfu kumi ni bei ya kuvunja sheria. Kofia haikingi goti, hilo ni kweli, lakini mgonjwa mwenye jeraha la kichwa hawezi kuniambia kwamba mguu wake una ganzi.

Wachezaji wa mchangani wao mara nyingi huumia bila kuguswa na mtu. Unageuka ghafla, njumu imenasa, mwili unakwenda na goti linabaki. Wengi huniambia walisikia "ta!" Goti likivimba ndani ya saa mbili, mara nyingi ni damu, na kano ya katikati ya goti huenda imekatika. Likivimba kesho yake, kisha likawa linajifunga halinyooki, tunashuku meniskasi, yaani vile vikingio vya gegedu (tishu laini inayokinga mifupa isisuguane) vyenye umbo la mwezi mwandamo. Wasichana wanaocheza netiboli na soka hukatika kano hiyo kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana wa michezo hiyo hiyo, kwa hiyo makocha wasiruke mazoezi ya kuimarisha mapaja na ya kutua vizuri. Siku mbili za mwanzo ni kupumzika, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji na kuinua mguu. Kuchua kunaongeza damu ndani.

Kano iliyokatika haijirudishi kwa dawa ya kupaka. Si kila mtu anahitaji upasuaji, kwani mtu wa ofisini anaweza kuishi vizuri kwa mazoezi tiba pekee. Anayetaka kurudi uwanjani tunamtengenezea kano mpya, mara nyingi kutoka kwenye kano za nyuma ya paja lake mwenyewe, kwa matundu madogo na kamera. Kisha ni mazoezi kwa miezi mingi. Anayerudi kwenye mechi kabla ya miezi 9 anajiweka kwenye hatari kubwa ya kuikata tena, na viongozi wa timu wanaotupigia simu mwezi wa nne watusamehe, jibu ni lile lile.

Wazee wetu wameambiwa magoti yao yamekauka ute, wanywe maji ya bamia. Bamia ni mboga nzuri, na ute wake unaishia tumboni. Kinacholika gotini ni gegedu, na bamia haiiotishi. Kinachosaidia ni kupunguza uzito, kwani kila kilo moja unayopungua inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua, pamoja na mazoezi ya misuli ya paja. Sindano za maumivu za duka la dawa, wiki baada ya wiki, zinaharibu figo na tumbo. Goti likishafika mwisho, tunaweka la bandia. Katika nchi zenye kumbukumbu ndefu, kama 8 kati ya 10 ya magoti hayo bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

Hakuna anayekatwa mguu kwa siri. Fomu ya ridhaa husainiwa na mgonjwa mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye fahamu, na mzazi au mlezi husaini kwa ajili ya mtoto. Anayesaini ana haki ya kuuliza kila kitu kabla ya kusaini, pamoja na kuomba maoni ya daktari mwingine. Tafadhali, ukoo usikae kikao siku tatu kuhusu mguu unaooza. Na mgonjwa akiambiwa asile kwa saa 6 kabla ya upasuaji, uji ni chakula. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Akitapika akiwa usingizini, chakula kinaingia kwenye mapafu, na upasuaji mwingi unaahirishwa kwa sababu ya kikombe kimoja kilichopitishwa na ndugu mwenye huruma.

Anayekuja kliniki mara ya kwanza alete picha zote za eksirei, hata za zamani, barua ya rufaa, kadi ya bima, na dawa anazotumia, hasa za presha, kisukari na za kuzuia damu kuganda. Avae nguo inayopanda hadi juu ya goti, kwa maana tunapima miguu yote miwili.