Kulinda Njia ya Logi Kutoka Logstash Hadi Elasticsearch: Dhana Potofu na Ukweli

Logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo programu hujiandikia, hubeba mengi kuliko tunavyodhani. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wapatao milioni 330 wabadilishe manenosiri, kwa sababu yaligundulika yakiandikwa kwenye logi ya ndani kabla ya kufichwa. Hakuna aliyekusudia. Logi ya kawaida ina anwani za IP, majina ya watumiaji, tokeni za kuingilia, mara nyingine hata swali zima lililopelekwa kwenye hifadhidata. Kwa hiyo njia ya kutoka Logstash, programu inayokusanya na kupeleka logi, hadi klasta (kundi la seva) ya Elasticsearch zinapohifadhiwa na kutafutwa, inastahili ulinzi uleule unaopewa data yenyewe. Inanisikitisha kuona imani zilezile zikirudiwa karibu kila mfumo mpya unapojengwa.

"Seva zote ziko mtandao wa ndani, TLS ya nini?"

Mtandao wa ndani hubaki wa ndani mpaka mtu abadilishe kanuni moja ya fayawoli. Julai 2020 shambulio lililopewa jina la Meow lilifuta maelfu ya hifadhidata zilizoachwa wazi kwenye intaneti, nyingi zikiwa za Elasticsearch na MongoDB. Hakukuwa na madai ya fedha wala maelezo. Data ilipotea tu.

Hata kama fayawoli haijaguswa, mashine moja ndani ya mtandao ikitekwa, mtekaji anaweza kupata nafasi ya kusikiliza kinachopita. Bila TLS, utaratibu wa kusimba mawasiliano, kila ombi linalotoka Logstash kwenda poti 9200 ya Elasticsearch hubeba mstari kama huu:

`Authorization: Basic ZWxhc3RpYzpjaGFuZ2VtZQ==`

Mstari huo unaonekana umefichwa, lakini haukufichwa. Ni base64, namna ya kuandika tu, na amri moja ya terminali inaurudisha ulivyokuwa: `elastic:changeme`. Hilo ndilo jina na nenosiri la kuanzia lililokuja na X-Pack, nyongeza ya usalama ya Elasticsearch, ya toleo la 5.

"Tumeshaweka https, kwa hiyo tuko salama"

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo penye hatari kubwa zaidi kwa sababu kila kitu huonekana kimekaa sawa. TLS hufanya kazi mbili. Kwanza husimba maneno ili yasisomeke njiani. Pili humthibitisha aliye upande wa pili kwa cheti chake, yaani hati ya kidijitali ya utambulisho. Kazi ya pili ikizimwa, ya kwanza inabaki karibu bure: utakuwa umeficha maneno vizuri kabisa na kumkabidhi yeyote aliyejitokeza kuyapokea.

Huzimwa vipi? Mtu anaiwasha Logstash, inakataa kuunganisha na kutoa ujumbe wenye maneno `PKIX path building failed`. Muda umebana, anatafuta suluhisho, anakuta ushauri wa kuweka `ssl_verification_mode => "none"`. Logi zinaanza kupita, na mstari ule unabaki hapo miaka.

Ujumbe ule ulikuwa unasema jambo dogo: Logstash haiijui mamlaka iliyotia saini cheti cha klasta. Tangu toleo la 8, lililotoka Februari 2022, Elasticsearch hujitengenezea mamlaka hiyo inapowashwa mara ya kwanza na kuihifadhi kwenye faili `http_ca.crt`. Nakili faili hiyo kwenye seva ya Logstash, kisha iandike kwenye usanidi:

`ssl_certificate_authorities => ["/etc/logstash/certs/http_ca.crt"]`

Kama kosa lililobaki ni la jina kutolingana na cheti, kagua anwani uliyoandika kwenye `hosts`. Cheti kilichotolewa kwa jina la seva hakitakubalika ukiunganisha kwa namba ya IP ambayo haimo ndani yake. Tumia jina lililomo, au toa cheti kipya chenye majina na IP zote zinazotumika. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na sioni sababu ya kuacha `none` kwenye mfumo unaobeba data halisi za watu.

"Mtumiaji elastic anatosha, tutapunguza ruhusa baadaye"

Mtumiaji `elastic`, msimamizi mkuu anayekuja na Elasticsearch, anaweza karibu kila kitu, ikiwemo kufuta data za klasta. Logstash inahitaji kuandika tu. Seva ya Logstash ikivamiwa, mvamizi anapata kila ruhusa uliyompa mtumiaji wake, na jambo la kwanza atakalotaka ni kufuta nyayo zake.

Wengi wanaounda jukumu maalumu, yaani fungu la ruhusa, humpa mtumiaji ruhusa ya `write` wakidhani ni ya kuongeza tu. Sivyo: `write` inajumuisha kubadilisha na kufuta nyaraka. Ukiandika kwenye mikondo ya data (data streams, hifadhi za Elasticsearch za data inayoongezwa mfululizo kama logi), ruhusa ya `create_doc` huongeza nyaraka mpya bila kugusa zilizopo, na `auto_configure` huruhusu mkondo mpya kuundwa pale unapohitajika. Ongeza `monitor`, ruhusa ya kuangalia hali, upande wa klasta, na ufunge yote kwenye majina ya mikondo inayohusika. Kwa logi zitakazotumika kama ushahidi baada ya uvamizi, tofauti kati ya `write` na `create_doc` ni kubwa mno.

Kuna pia mtumiaji wa ndani `logstash_system`. Jina lake huwapotosha wengi. Kazi yake ni kupeleka taarifa za ufuatiliaji wa Logstash, si kuandika logi zako.

"Usalama wa Elasticsearch ni wa kulipia"

Ulikuwa hivyo zamani. Tangu Mei 2019, kwa matoleo ya 6.8.0 na 7.1.0, TLS, watumiaji na majukumu vimo kwenye leseni ya bure.

"Nenosiri liko kwenye keystore, halivuji"

Keystore, faili ya Logstash ya kuhifadhi siri, ni bora sana kuliko kuandika nenosiri wazi kwenye faili ya usanidi, na napendekeza kila mtu aitumie. Lakini keystore isiyo na nenosiri lake lenyewe, yaani bila `LOGSTASH_KEYSTORE_PASS`, hulindwa hasa na ruhusa za faili. Anayeweza kusoma faili hiyo anaweza pia kufika kwenye siri zilizomo.

Kuna uvujaji mwingine usiotajwa sana. Ukiweka `config.debug: true` pamoja na kiwango cha logi cha `debug`, Logstash huandika usanidi wote, manenosiri yakiwemo, kwenye logi yake yenyewe. Kama logi hiyo nayo inapelekwa kwenye klasta, nenosiri linakuwa limeingia kwenye utafutaji, na kila mwenye ruhusa ya kusoma anaweza kulikuta.

"Cheti kikishawekwa, kazi imeisha"

Vyeti vinavyotolewa na zana ya Elasticsearch, kwa amri ya `elasticsearch-certutil cert`, bila kutaja muda hudumu siku 1095. Miaka mitatu inatosha kwa aliyeviweka kuhamia kazi nyingine na tarehe kusahaulika. Siku cheti kinapokwisha, Logstash haitupi logi papo hapo. Hujaribu tena na tena, foleni inajaa, na vyanzo vinaanza kusubiri. Vinavyosoma faili vitaendelea baadaye pale vilipoishia. Syslog ya UDP, inayotuma ujumbe bila kusubiri jibu, haina subira hiyo, na ujumbe wake utapotea.

Tahadhari ya cheti kinachokaribia kuisha isipite kwenye njia hiyohiyo ya logi, kwa kuwa njia ikiziba na tahadhari haitafika. Iweke kwenye zana tofauti inayounganisha na poti 9200 kutoka nje ya Logstash, inayosoma tarehe ya mwisho ya cheti, na inayowaarifu zaidi ya mtu mmoja siku 30 kabla.