Je, wajua wanasayansi wamejuaje kuwa joto hili linaloongezeka duniani ni kazi yetu binadamu?

Chukua kipande cha mkaa kutoka jikoni na lita moja ya dizeli kutoka kituo cha mafuta. Vyote viwili ni kaboni kwa sehemu kubwa, na ukivichoma vinatoa gesi ileile, hewa ukaa, isiyo na rangi wala harufu. Ikishapanda angani utadhani hakuna tena wa kusema hii imetoka kwa mama ntilie na hii kwenye lori linalokwenda Kongo. Kumbe maabara inaweza. Na humo ndimo lilimo jibu la swali linalorushwa kila mjadala wa tabianchi unapopamba moto: haya, dunia inapata joto, lakini nani kathibitisha kuwa ni sisi?

Siri iko kwenye umri. Huko juu, miale itokayo anga za mbali hugonga naitrojeni na kutengeneza kiasi kidogo sana cha kaboni 14, ambayo ni kaboni yenye mionzi. Mti uliokatwa Tabora mwaka jana ulikuwa ukiivuta kaboni hiyo mpaka siku ya shoka, kwa hiyo mkaa wake bado unayo. Lakini kaboni 14 huoza. Kila baada ya miaka 5,730 hivi hubaki nusu yake, na ikipita miaka 50,000 kilichobaki ni kidogo mno hata vipimo huambulia patupu. Dizeli, petroli na makaa ya mawe ni masalia ya viumbe walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, na kaboni 14 yao ilikwisha zamani. Basi kama hewa ukaa inayoongezeka inatoka visimani na migodini, kaboni 14 iliyoko angani lazima izimuke, kama chai iliyoongezwa maji wageni walipozidi.

Mkemia Hans Suess, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza mwaka 1955 kwamba ndivyo ilivyo. Alipima mbao za miti, akakuta zile za karne ya 20 zina kaboni 14 pungufu kuliko za karne ya 19. Baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia yalivuruga hesabu kwa muda, maana nayo yalimwaga kaboni 14 kwa wingi hewani, ila alama ya mafuta ya kale haikufutika. Ipo na alama ya pili. Mimea hupenda kaboni nyepesi kuliko kaboni 13, iliyo nzito kidogo, na mafuta yaliyotokana na viumbe hai yamerithi upungufu huo. Hewa ya leo nayo inazidi kupungukiwa na kaboni 13, mwaka baada ya mwaka.

Je, volkano? Hoja hii huibuka kila mara, na haikosi mashiko mtu anapoukumbuka Nyiragongo ukitema moto juu ya Goma. Lakini hewa ukaa inayotoka kwenye volkano zote duniani kwa mwaka haifikii hata asilimia 1 ya ile inayotokana na shughuli za binadamu. Na kuna ushahidi ambao mimi binafsi naupenda kuliko wote. Lita ya dizeli haifiki kilo moja, lakini ikiungua hutoa hewa ukaa ya zaidi ya kilo mbili na nusu. Uzito wa ziada umetoka wapi? Ni oksijeni, iliyovutwa kutoka hewani ili moto uwake. Volkano inapopumua haihitaji kula oksijeni kiasi hicho, na bahari inapoachia hewa ukaa vivyo hivyo. Kuchoma kunahitaji. Mwanasayansi Ralph Keeling alibuni njia ya kupima oksijeni kwa uangalifu wa hali ya juu, na tangu miaka ya mwisho ya 1980 vipimo vinaonyesha inapungua. Inapungua kidogo sana, usiogope kukosa pumzi, lakini kwa namna inayolingana na mafuta tunayochoma.

Baba yake, Charles David Keeling, ndiye aliyeanza mwaka 1958 kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii. Alipata takriban sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Leo tumevuka 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda kiwango hicho kilikuwa kikipanda na kushuka bila kuzidi 300 au karibu na hapo.

Sawa, gesi ni yetu. Je, joto nalo? Kwamba hewa ukaa hukamata joto si habari mpya. Mmarekani Eunice Foote aliliona jambo hilo mwaka 1856 kwa mitungi ya kioo aliyoianika juani, na John Tyndall akalipima vizuri zaidi maabara, London, kuanzia mwaka 1859. Kazi ngumu ilikuwa kulitoa jua kwenye orodha ya washukiwa.

Jua likiongeza ukali, hewa inapaswa kupata joto kuanzia juu hadi chini. Hewa ukaa hufanya kinyume. Ukijifunika blanketi usiku wa baridi kule Makete, joto linabaki ndani na upande wa nje wa blanketi unabaki baridi. Mfano huu si kamili, maana kule juu, katika tabaka la stratosfia, hewa ukaa ikiongezeka hutoa joto jingi zaidi kwenda anga za mbali, lakini matokeo yanafanana: chini moto, juu baridi. Wanasayansi Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilionyesha hilo kwa hesabu za kompyuta mwaka 1967, kabla hakujawa na setilaiti za kupima. Setilaiti zilipokuja zikakuta stratosfia inapoa huku sisi wa chini tunatokwa jasho. Sehemu ya upoaji huo imetokana na kuharibika kwa ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, lakini kwenye stratosfia ya juu hewa ukaa ndiyo yenye mchango mkubwa. Jua lenyewe, lililopimwa kwa setilaiti tangu mwisho wa miaka ya 1970, halijaongeza ukali. Manabe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Hata hivyo wanasayansi hawakukurupuka. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilipotoa ripoti ya kwanza mwaka 1990 lilisema joto lililoonekana linaweza bado kuwa mabadiliko ya asili, na kwamba kuthibitisha kungechukua miaka kumi au zaidi. Mwaka 1995 likasema ushahidi unaelekeza kuwa mkono wa binadamu unaonekana. Mwaka 2001 likatamka “yaelekea”, neno ambalo kwao lina kipimo: uwezekano unaozidi asilimia 66. Mwaka 2007 ukafika zaidi ya asilimia 90, mwaka 2013 zaidi ya 95. Ripoti ya 2021 haikutumia tena asilimia kwa jambo hilo, ikasema halina ubishi. Kati ya miaka ya 1850–1900 na 2010–2019 dunia ilipata joto la nyuzi 1.06, na makadirio ya sehemu iliyosababishwa na binadamu ni nyuzi 1.07. Hiyo ziada ndogo si kosa la chapa. Namba zote mbili ni makadirio yanayoweza kupanda au kushuka kidogo, na ile ya binadamu tayari imehesabu mambo mengine tunayoyafanya, kama moshi wa viwandani unaopoza, huku asili peke yake ikiwa karibu na sifuri.

Yapo ambayo bado wanabishana. Barafu ya Kilimanjaro ni mojawapo. Takriban asilimia 85 ya eneo iliyofunika mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007, na wengi wetu tunaitaja kama shahidi namba moja. Watafiti waliofunga vipimo kileleni ni waangalifu zaidi: kule juu mara nyingi hewa huwa chini ya nyuzi sifuri, barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji, na ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 una sehemu kubwa katika kisa hicho. Jambo jingine ni masika. Mifumo mingi ya kompyuta inatabiri kuwa mvua hizo zitaongezeka Afrika Mashariki, ilhali kuanzia miaka ya 1980 wakulima wa ukanda huu waliziona zikipungua kwa miongo kadhaa. Sababu za mgongano huo bado zinatafutwa.