Kasi mnayoisifia si ya kivinjari

"Hamia Brave, ina kasi mara tatu ya Chrome." Sentensi hii imeshazunguka kila kundi la WhatsApp lenye mtu aliyewahi kuformati kompyuta, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja. Mtu amehama, amefungua gazeti lake, ukurasa umekuja chapu, basi kivinjari kipya ni moto wa kuotea mbali. Alichokiona ni kweli. Sababu anayoitoa ndiyo si kweli, na kosa hilo linamfanya achague vibaya kwenye faragha na viendelezi (programu ndogo za kuongezwa ndani ya kivinjari) pia.

Injini, yaani sehemu ya kivinjari inayochora kurasa na kuendesha msimbo wake, nitazimaliza upesi kwa sababu hapa hakuna ubishi. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet vyote vimejengwa juu ya Chromium, msimbo huria wa Google. Kurasa zinachorwa na Blink, JavaScript inaendeshwa na V8. Opera iliitupa injini yake ya Presto mwaka 2013, Microsoft nayo ikasalimu amri ilipotoa Edge mpya Januari 2020. Nje ya ukoo huo wamebaki wawili wa kuhesabika: Firefox yenye Gecko, na Safari yenye WebKit. Kwenye iPhone ni WebKit karibu kila mahali, nembo yoyote iwayo. Apple ililegeza kwa nchi za Umoja wa Ulaya ilipotoa iOS 17.4 mwaka 2024, na kwa Japani mwishoni mwa 2025. Kwa hiyo mwenye iPhone Mombasa anayelinganisha kasi ya Chrome na Safari analinganisha rangi za vitufe.

Sasa, kama Brave na Chrome zina injini ileile, kasi mara tatu imetoka wapi? Imetoka kwenye vitu ambavyo Brave haikuvipakua kabisa. Usiniamini, pima mwenyewe. Fungua tovuti ya habari yenye matangazo mengi, bonyeza F12, nenda Network, weka tiki kwenye Disable cache, kisha Ctrl+Shift+R. Subiri mpaka orodha itulie. Chini kabisa utaona idadi ya maombi, data iliyopita, na muda. Usitazame Load peke yake, tazama na Finish, maana matangazo mengi huingia baada ya Load. Rudia mara tano, chukua matokeo ya katikati, si yale mazuri kuliko yote. Halafu weka kizuia matangazo kwenye Chrome hiyohiyo na upime upya. Pengo kati ya Chrome na Brave litayeyuka karibu lote.

Angalia safu ya Domain kwenye orodha hiyo. Habari yenyewe ni maombi machache. Mengine ni mnada: kabla tangazo halijaonekana, skripti inaziuliza kampuni kadhaa za matangazo kwa mkupuo nani atatoa bei nzuri, inasubiri majibu, inachagua, ndipo inaita picha, na picha nayo inakuja na vifuatiliaji vyake. Kila kikoa kipya, yaani anwani ya seva nyingine, kina gharama kabla hata ya baiti ya kwanza. Tuiache DNS, yaani kutafuta anwani ya seva: TCP (kufungua muunganisho) ni safari moja ya kwenda na kurudi, TLS 1.3 (kukubaliana usimbaji) safari moja, ombi lenyewe safari moja. Seva ikiwa Ulaya na wewe uko Dar es Salaam, safari moja ni kama milisekunde 150. Tatu ni 450. Skripti ikiita skripti inayoita skripti nyingine, mnyororo wa hatua nne ni karibu sekunde mbili ambazo V8 haiwezi kuzipunguza hata ikiendeshwa na jini. HTTP/3, njia mpya ya kivinjari kuongea na seva, inaunganisha safari mbili za kwanza kuwa moja, nayo ni nafuu nzuri, ila mnyororo unabaki mnyororo. Na Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, mlioshauriana kubadilisha kivinjari siku ile mlikuwa na haki ya kucheka baadaye.

"Lakini vipimo vinaonyesha tofauti!" Vipimo vipi? Speedometer 3, iliyotoka Machi 2024 kwa ushirikiano wa watengenezaji wa injini wenyewe, ni kipimo kizuri cha inachokipima: orodha za kazi, vihariri vya maandishi, grafu, kubofya na kuchora upya. Haigusi mtandao. Haina tangazo hata moja. Ukishinda kutwa kwenye Google Sheets, alama zake zinakuhusu. Ukisoma magazeti, hazikuhusu. Nami nina shaka hata na matumizi yake ya kawaida, kwa sababu laptopu iliyochomolewa chaja, au iliyopata moto, inaweza kubadilisha alama kuliko kuhama kivinjari. Anayekutumia picha ya alama bila kusema kama chaja ilikuwa imechomekwa, mshukuru na uendelee na kazi zako.

YouTube kukwama kwenye laptopu kongwe ni kesi nyingine kabisa. Mara nyingi video inakuja kwa AV1 au VP9, miundo mipya ya kubana video, na kadi ya picha haijui kuifungua, hivyo prosesa inaachiwa mzigo wote. Kiendelezi cha kulazimisha H.264, muundo wa zamani zaidi, kinatibu. Kubadilisha kivinjari hakutibu.

RAM nayo, neno moja. Tangu Chrome 67 mwaka 2018, baada ya kasoro ya Spectre kwenye prosesa, kila tovuti inafungiwa kwenye mchakato wake ili isichungulie siri za jirani. Google wenyewe walikadiria gharama ya asilimia 10 hadi 13 ya kumbukumbu. Firefox ilifanya hivyohivyo mwaka 2021. Huo ni usalama, wala msiuite uzembe. Ila wachache hukumbuka kwamba fremu ya tangazo iliyotoka tovuti nyingine nayo ni tovuti nyingine: inapewa mchakato wake. Bonyeza Shift+Esc ndani ya Chrome, au andika about:processes kwenye Firefox, uone mwenyewe nani anakula. Mwenye GB 4 na diski ya kuzunguka, tatizo lako ni kompyuta kuhamishia kumbukumbu kwenye diski; washa Memory Saver, funga vichupo.

Tumefika panaponikera.

Kama kasi ni suala la nani anazuia maombi, na faragha ni suala hilohilo, basi swali pekee lenye uzito ni kizuia matangazo kinaruhusiwa kufanya nini ndani ya kivinjari. Hapa kuna kambi mbili zinazopiga kelele, na zote zinakosea. Moja inasema Google imeua vizuia matangazo. Nyingine inasema hakuna kilichobadilika.

Kilichobadilika ni hiki. Chini ya Manifest V2, seti ya zamani ya masharti ya Chrome kwa viendelezi, kizuia matangazo kama uBlock Origin kilikuwa mlinzi wa getini: kila ombi lilisimamishwa mbele yake, akalikagua, akapiga hesabu zake, akaamua. Chini ya Manifest V3, seti mpya, mlinzi ameondolewa getini. Anamkabidhi mwenye nyumba orodha iliyoandikwa mapema, na mwenye nyumba ndiye anayefungua au kufunga. Njia hiyo ya kukabidhi orodha inaitwa declarativeNetRequest. Chrome ilianza kuzima viendelezi vya V2 mwaka 2024. Toleo la 138 lilikuwa la mwisho ambapo hata kampuni ziliweza kuvirudisha kwa sera, na kuanzia 139, mwaka 2025, njia hiyo imeondolewa.

Wengi wanalalamikia idadi ya kanuni za kuzuia zinazoruhusiwa. Si hapo. Kiendelezi kinahakikishiwa kanuni 30,000 za kudumu, na kuna akiba ya pamoja ya 300,000 ambayo viendelezi vyote vinagawana. Kwa EasyList, orodha maarufu ya matangazo ya kuzuia, na wenzake hiyo si njaa. Kilichopotea ni wepesi. Zamani orodha zilivutwa moja kwa moja kutoka kwa wanaozitunza, hata mara kadhaa kwa wiki. uBlock Origin Lite, ndugu yake wa V3, inapata orodha zake pamoja na toleo jipya la kiendelezi, kupitia duka. Tovuti ikibadilisha mbinu leo asubuhi, unasubiri. Kimepotea pia uwezo wa kuamua papo hapo, tovuti kwa tovuti, kwamba hapa skripti za nje zisipite kabisa.

Jambo jingine ambalo watu wanaibebesha V3 bila haki ni kufichua kikoa cha mfuatiliaji kilichojificha nyuma ya CNAME, yaani kijikoa cha tovuti yenyewe kinachoelekeza kwa kampuni ya matangazo. Hilo uBlock Origin inaliweza kwenye Firefox kwa sababu Firefox inaruhusu kiendelezi kuuliza DNS. Chrome haikuwahi kuruhusu, hata enzi za V2. Kwa hiyo mtu anayelia kwamba alinyang'anywa, hakuwa nacho.

Na hoja ya Google kwamba V3 inalinda faragha? Nusu yake ni ya kweli. The Great Suspender, kiendelezi kilichokuwa na mamilioni ya watumiaji, kiliuzwa kwa mtu asiyejulikana mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Hatari ipo. Lakini V3 imeondoa uwezo wa *kuzuia* ombi, haikuondoa uwezo wa *kulitazama*. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma tovuti zote bado kinaweza kukaa kimya na kuandika kila unakokwenda. Mwizi amebaki na macho yake, mlinzi ndiye aliyenyang'anywa rungu. Nikisikia mtu anairudia hoja hiyo nzimanzima, naishiwa maneno.

Firefox imesema itaendelea kukubali njia zote mbili. Brave inazuia kwa msimbo ulio ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo V3 haiigusi. Sasa ukiniuliza kama msomaji wa kawaida ataona tofauti kati ya Lite kwenye Chrome na uBlock Origin kamili kwenye Firefox, nitakujibu jibu lisilowafurahisha wenzangu: siku nyingi hataona. Ataiona siku tovuti anayoipenda inapoanza kupigana na vizuia matangazo.

Usiweke viwili kwa pamoja. Vinafanya kazi moja mara mbili, kimoja kinavunja ujanja wa kingine wa kuipumbaza tovuti, halafu unapata ule ujumbe wa "tafadhali zima kizuia matangazo". Ukishafuta cha ziada, pita chrome://extensions uangalie vilivyobaki kimoja kimoja. Kiendelezi cha kubadilisha rangi ya ukurasa chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yote kwenye tovuti zote, hata ya benki yako, kipe ruhusa ya pale tu unapokibofya.

Hali fiche (Incognito). Haikufichi. Ukifunga dirisha, historia na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huacha kukukumbuka) vya kikao hicho vinafutwa kwenye mashine yako, basi. Kampuni ya simu, idara ya TEHAMA kazini na tovuti yenyewe hawajafungwa macho. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya mkanganyiko huu, na katika maridhiano ya mwaka 2024 ikakubali kufuta rekodi nyingi zilizokusanywa. Kichekesho kinachonimaliza ni kwamba Chrome huzima viendelezi ndani ya hali fiche mpaka uviruhusu kimoja kimoja. Mtu anaingia mafichoni, na mlangoni anavua kinga pekee aliyokuwa nayo.

Kwenye vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vinavyowekwa na kampuni nyingine badala ya tovuti uliyofungua, mipangilio ya kiwandani inatofautiana kweli. Safari inavizuia vyote tangu Machi 2020. Firefox tangu Juni 2022 inaipa kila tovuti chungu chake cha vidakuzi. Chrome iliahidi mwaka 2020 kuviondoa, ikasogeza tarehe, ikasogeza tena, ikaghairi Julai 2024. Baada ya vidakuzi kuna alama za kifaa zinazoweza kukutambulisha: fonti, kadi ya picha, ukubwa wa dirisha. Hapa hakuna kivinjari cha kawaida ninachoweza kukuapia, maana kila kinga unayoiongeza inaweza kukufanya uwe wa peke yako zaidi, na anayeuza suluhisho kamili anauza.

Simu sasa, ambako wengi ndiko wanakoishi. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na tangu Desemba 2023 mlango umefunguliwa kwa mamia. Weka uBlock Origin na bando lako litakaa zaidi, kwa kuwa ombi lililozuiwa halitozwi. Opera Mini inabana kwa njia tofauti: kwenye hali ya ubanaji wa juu kabisa (Extreme), seva za Opera ndizo zinazofungua ukurasa, zinaupunguza, zinakutumia. Akiba ni ya kweli kabisa. Maana yake pia ni kwamba usimbaji wa HTTPS unafunguliwa huko katikati, kwa hiyo soma nayo magazeti, usiingie nayo benki.

Asiyetaka kubadilisha chochote, Android 9 na kuendelea ina Private DNS kwenye mipangilio ya mtandao. Ukiandika dns.adguard-dns.com, matangazo mengi yanakatwa kwenye programu zote, si kivinjari tu. Ya YouTube hayatakatwa, kwa sababu yanatoka kwenye vikoa vilevile vya video. Na kwenye Wi-Fi ya hoteli au ofisi iliyofunga mlango 853, ambao Private DNS hupitia, simu itasema seva ya DNS haifikiki na intaneti itakuwa imekufa kabisa. Rudisha Automatic, ingia, kisha uiwashe tena ukishatoka hapo.