Kirusi cha shotikati ni nini, na faili zako zimekwenda wapi

Mwalimu aliingia kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa Arua, Uganda, saa mbili asubuhi, flashi ameibana kiganjani. "Fundi, mitihani yangu imeliwa." Ilikuwa mitihani ya mwisho wa muhula, ya madarasa matatu, na ilitakiwa kuchapwa siku hiyohiyo. Jana yake alikuwa ameipeleka kwenye duka moja la kuchapa na fotokopi. Flashi ilipofunguliwa, folda zake zilionekana kwa majina yaleyale, lakini kila moja ilikuwa na mshale mdogo kwenye kona, na ukibofya haifunguki. Kijana wa dukani akasema flashi imeharibika, dawa yake ni kuifomati, yaani kuifuta yote. Mwalimu alikataa, na hapo ndipo alipojiokoa.

"Kompyuta yao ndiyo iliyokula faili zangu," aliniambia. "Shuleni zinafunguka vizuri kabisa."

Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, mitihani haijaliwa, imefichwa. La pili lilimshangaza zaidi: kompyuta ya dukani haina kosa. Mgonjwa ni ile ya shuleni, ambako kila kitu kinafunguka vizuri.

Ili kuona kwa nini ni hivyo, tuanze na shotikati yenyewe, ambayo wengine huiita njia ya mkato. Si kitu kibaya. Ni faili ndogo ya Windows, jina lake linaishia na .lnk, na kazi yake ni kuelekeza tu. Picha ya Word unayoibofya kwenye skrini si Word. Word iko ndani kwenye diski, na ile picha inakupeleka huko. Chukua kibao cha barabarani kilichoandikwa Koboko. Kibao si Koboko. Ukiking'oa, mji wa Koboko utabaki palepale. Na mtu akikigeuza usiku kikaelekea porini, utakwenda porini huku ukiamini unakwenda Koboko.

Kirusi cha shotikati ni mgeuza vibao. Ukichomeka flashi kwenye kompyuta yenye ugonjwa, programu iliyojificha ndani ya kompyuta hiyo inafanya mambo matatu kwa sekunde chache. Inajinakili kwenye flashi, mara nyingi kama faili ndogo ya amri inayoishia na .vbs. Inazipa folda na faili zako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, na Windows kwa kawaida haimwonyeshi mtu kitu chenye alama hizo. Kisha, mahali pa kila folda iliyofichwa, inasimika kibao chenye jina lilelile na picha ileile ya folda.

Nilimgeuzia mwalimu skrini ili aone mwenyewe. Nilibofya kibao kimoja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua sifa zake, tukasoma mahali kinapoelekeza. Ukiondoa herufi za kuchanganya macho, maneno yalikuwa ya namna hii:

cmd.exe /c start picha.vbs & start explorer MITIHANI & exit

Soma pole pole. Sehemu ya kwanza inaamsha kirusi. Sehemu ya pili inafungua folda halisi ya MITIHANI, ile iliyofichwa. Sehemu ya tatu inafunga dirisha ili usione kilichopita. Kwa hiyo kwenye kompyuta yenye ugonjwa unabofya, kirusi kinaamka, na papo hapo folda yako inafunguka na karatasi zako zote zimo. Utashuku nini? Umepata ulichotaka.

Sasa flashi hiyohiyo ipeleke kwenye kompyuta yenye antivairasi nzuri. Antivairasi inaiona ile .vbs na kuifuta. Kibao kinabaki kinaelekeza kwa mtu aliyekwisha kufa, ukikibofya Windows inalalamika kwamba haioni faili, au antivairasi inaizuia amri nzima na folda haifunguki. Mara nyingine antivairasi inafuta hata vibao, na flashi inaonekana tupu. Hapo ndipo mwenye flashi anapiga kelele kwamba mashine hii imekula faili zake. Nimeona watu wakiacha duka lenye kompyuta salama na kurudi kwenye lile lililowaambukiza, kwa sababu kule "zinafunguka". Inaniuma kila mara, maana mwenye duka aliyejitahidi ndiye anayepoteza mteja.

Dalili ya kwamba faili zipo iko wazi kwa anayejua pa kutazama. Vibao vyote vya mwalimu, kimoja kimoja, vilikuwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Lakini nilipotazama sifa za flashi nzima, nafasi iliyotumika ilikuwa zaidi ya gigabaiti tatu. Vibao kumi na viwili haviwezi kujaza gigabaiti tatu. Kuna kitu kimekaa humo ambacho hukioni. Ukifomati kwa wakati huo, unachofuta ni kazi yako mwenyewe, na kompyuta iliyoambukiza inabaki na ugonjwa wake ikisubiri flashi ijayo. Flashi hapa ni mbu tu. Dimbwi liko kwenye kompyuta.

Kwa haki ya istilahi, kitu hiki si kirusi hasa. Kirusi, tangu Fred Cohen alipoanza kulitumia neno hilo kitaalamu miaka ya 1983 na 1984, ni programu inayojipachika ndani ya programu nyingine. Kinachojitembeza chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kupanda mgongo wa programu nyingine huitwa mnyoo, na hiki chetu ni mnyoo. Lakini hakuna anayeingia kwangu akisema flashi yake ina minyoo, nami siwasahihishi.

Safari ya mkono kwa mkono ni ya zamani. Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC, kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, na kilisafiri kwa diski laini ambazo watu walikuwa wakipeana. Flashi zilipokuja, Windows ilikuwa na tabia ya kusoma faili iitwayo autorun.inf mara tu kifaa kinapochomekwa, na kuendesha kilichoandikwa humo. Minyoo ikanenepa kwa njia hiyo. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, haikuwa tena na tabia hiyo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikaizima hata kwenye Windows za zamani zaidi, XP na Vista, kwa masasisho. Katikati ya hayo, mwaka 2010, ukagunduliwa Stuxnet, mnyoo uliolenga mitambo ya nyuklia ya Iran kule Natanz. Huo ulitumia kasoro ya shotikati zenyewe: kuitazama tu ikoni yake kwenye folda kulitosha kuambukizwa. Kasoro hiyo nayo ikazibwa Agosti 2010.

Mlango wa kujiendesha ulipofungwa, waandishi wa minyoo walibakiwa na njia moja ya uhakika, ambayo ni kidole chako. Ndiyo maana vibao. Mnyoo wa sasa hauvunji mlango, unakusubiri uufungulie, na umejifanya folda yako ili usisite.

Watu wengi hudhani kuficha faili ndiyo shida yenyewe. Hapana, huko ni kujificha tu. Shida ni kile kinachoendelea nyuma. Mwaka 2013 watafiti wa usalama walichambua mnyoo ulioitwa H-Worm, ulioandikwa kwa lugha ya VBScript, ile ya faili za .vbs, wenye tabia hizihizi za kuficha na kusimika vibao. Ulikuwa ukiwasiliana na mtu aliye mbali kupitia intaneti na kupokea amri zake: pakua faili hii, endesha ile, nitumie ile nyingine. Sasa fikiria kompyuta ya dukani ambayo kutwa nzima watu wanaifungulia barua pepe zao, wanajaza fomu za kodi na za pasipoti, wanaomba nafasi za chuo. Kila nenosiri linapitia kwenye kibodi ileile. Kwa hiyo naomba mtu asiseme "ni kakirusi ka flashi tu".

Wala usiseme ni ugonjwa wa zamani uliokwisha. Mnyoo wa Andromeda, ambao nao ulikuwa ukienea kwa flashi, mtandao wake wa kompyuta zilizoambukizwa ulivunjwa Novemba 2017 na polisi wa nchi kadhaa wakiwemo FBI wa Marekani na Europol wa Umoja wa Ulaya. Januari 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Mandiant ikaeleza kwamba kundi la majasusi lilisajili upya anwani za intaneti za Andromeda zilizoachwa bila mwenyewe, likapata njia ya kuingia kwenye kompyuta huko Ukraine ambazo bado zilikuwa na ugonjwa ule. Mnyoo uliosahauliwa ulikuwa bado unapiga simu nyumbani, na mtu mwingine akaipokea.

Kwa nini mnyoo wa namna hii unatupenda sana sisi wa huku? Kompyuta moja ya duka inahudumia watu hamsini kwa siku, kila mmoja na flashi yake. Windows nyingi ni za kunakili, na aliyeziweka alizima masasisho makusudi ili zisile bando. Antivairasi iliwekwa miaka mitatu iliyopita na haijawahi kupata chakula kipya. Simlaumu mwenye duka, data ni ghali. Lakini gharama inalipwa tu, kama si naye basi na mteja.

Turudi kwa flashi ya mwalimu. Niliichomeka kwenye kompyuta yangu ya Linux, mfumo mwingine usio Windows, kwa sababu Linux haijali zile alama za kufichwa na haiendeshi .lnk wala .vbs kwa kubofya. Mitihani yote ikatokea ilivyokuwa, mwalimu akashusha pumzi ndefu. Asiye na Linux anaweza kujaribu simu ya Android kwa ule waya mfupi wa OTG unaounganisha flashi na simu. Mara nyingi nayo inaonyesha kila kitu, na mnyoo wa Windows hauwezi kufanya lolote ndani yake.

Ukiwa na Windows pekee, hakikisha kwanza kompyuta unayotumia ni safi, la sivyo unapiga deki mvua ikinyesha ndani. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, litafunguka dirisha jeusi. Kama flashi yako imepewa herufi E, andika:

attrib -s -h -r E:\*.* /s /d

Andika zote tatu, -s, -h na -r. Wengi wanaandika -h peke yake, Windows inagoma, wanakata tamaa. Faili ikiwa na alama ya mfumo haikubali kufunuliwa mpaka alama hiyo nayo iondolewe. Ndiyo sababu pia kwenye dirisha la sifa kile kisanduku cha kuficha kinakuwa cha kijivu na hakibofyeki. Amri ikimaliza, folda halisi zinatokea kando ya vibao. Futa vibao, futa ile .vbs, na ukikuta folda isiyo na jina usiikimbie: baadhi ya minyoo huhamishia vitu vyako vyote humo. Ifungue, utoe mali yako.

Usitegemee jina la faili kukuonyesha kibao. Windows huificha .lnk hata pale ulipoiambia ionyeshe viishio vyote. Tazama mshale, na tazama safu inayosema aina ya faili.

Kompyuta yenyewe ndiyo kazi kubwa. Kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazoendelea, tafuta wscript.exe, ile inayoendesha faili za .vbs, ikiendelea wakati wewe hujafungua kitu, uisimamishe. Kagua orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows, na folda ya Startup. Kisha tumia Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, uchague ukaguzi wa nje ya mtandao, ule unaowasha kompyuta upya kabla mnyoo haujaamka. Na hiyo bando ya masasisho, itoe. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript itaondolewa kwenye Windows hatua kwa hatua, lakini kompyuta isiyosasishwa haitaondolewa chochote. Mwenye duka ambaye hatumii skripti, yaani faili za amri kama hizo za .vbs, anaweza kuzima kabisa ile sehemu ya Windows inayoziendesha, nami humfanyia hivyo kila anayekubali.

Mwalimu alichapa mitihani yake kabla ya saa sita. Jioni akarudi na kompyuta ya shule kwenye bodaboda, imefungwa kwa kitenge. Ndani ya folda ya Startup nilikuta faili ileile ya .vbs, na tarehe yake ilikuwa ya muhula uliopita. Nilimuuliza ni wangapi wanaoitumia kompyuta hiyo pale shuleni. Akahesabu kwa vidole, akarudia, akaniambia kumi na mmoja. Kesho yake zililetwa flashi kumi na moja ndani ya bahasha moja, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu kwenye kipande cha plasta.