"Kuunda maktaba kutoka chanzo" maana yake nini?

Ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki, mafundi huunda vyombo. Ukisema mbele yao kwamba ngalawa "inajengwa" watakuelewa, ila watajua kwenu si pwani. Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Nalikumbuka neno hilo kila nikisikia wenzangu wa kompyuta wakisema "tunajenga maktaba kutoka chanzo", maana mgeni akiisikia kauli hiyo anapata picha mbili zisizokuwepo: anaona jengo, na ndani ya jengo anaona rafu za vitabu.

Maktaba ya programu ni fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huzikopa zisiandikwe upya. Haina dirisha wala kitufe. Ukishaisakinisha hakuna alama mpya kwenye skrini, ndiyo maana wengi hudhani wamekosea na kurudia kazi yote toka mwanzo.

Nichukue mfano wa nyumbani. Shemeji yangu hununua samaki mnadani asubuhi na kuwasafirisha Dar es Salaam kwenye deli la barafu. Alitaka kujua joto la ndani bila kufunua mfuniko kila mara, kwa kuwa kila ukifunua, barafu inaumia. Tukapata kipimajoto kidogo kinachotangaza namba zake kwa Bluetooth ya nguvu ndogo, ile iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, inayoweza kuishi miezi kwa betri ya kidonge. Kilichobaki ilikuwa programu ya kuzisikiliza namba hizo. Hapo ndipo maktaba inapoingia: yenyewe inajua kutafuta vifaa vilivyo karibu, kuunganisha na kusoma. Mimi niliandika mistari michache tu juu yake.

Kwa nini usiongee na Bluetooth moja kwa moja? Kwa sababu kila mfumo endeshi una mlango wake. Kwenye Linux unapitia BlueZ, programu inayosimamia Bluetooth, na BlueZ unazungumza nayo kupitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux hupelekeana ujumbe. Windows ina WinRT, Mac ina CoreBluetooth. Hata tabia zinatofautiana: Linux itakuonyesha anwani ya kifaa, ilhali Mac inaificha na kukupa kitambulisho ilichokitunga yenyewe. Maktaba ya majukwaa mengi, mfano SimpleBLE, inaifunika milango yote mitatu kwa mlango mmoja. Unasema "tafuta", nayo inajua pa kubisha.

Sasa lile linalowakwaza watu, nami likiwa limenikwaza. "Majukwaa mengi" haina maana kwamba kuna faili moja linalokwenda kila mahali. Nilishaiunda maktaba kwenye laptopu yangu, ikafanya kazi vizuri, nikaiweka kwenye flashi na kuipeleka kwenye Raspberry Pi ya shemeji, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ikakataa katakata. Mashine zote mbili zilikuwa na Linux, lakini laptopu ina kichakataji cha aina ya x86 na Raspberry Pi ina cha aina ya ARM, na lugha ya mashine ya mmoja ni kelele tupu kwa mwingine. Kinachosafiri ni msimbo chanzo, yaani maandishi aliyoyaandika mtunzi na mtu anaweza kuyasoma. Chombo chenyewe kinaundwa pale pale kitakapoelea.

Kuunda, basi, ni kuyageuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine uliyonayo mbele yako. Kazi hiyo ni ya kompaila. Kabla yake hutangulia CMake, programu ya kuandaa kazi, ambayo haigeuzi chochote. Yenyewe inakagua: kompaila ipo? Huu ni mfumo gani? Mbao zote, yaani vitu ambavyo maktaba inavitegemea, zimefika? Ikiridhika ndipo inaandika mpango wa kazi.

Kwenye ukaguzi huo ndiko wengi wanakoachia njiani. CMake ilinigomea ikidai haioni D-Bus, nami nilijua kabisa D-Bus ipo na inafanya kazi muda huo huo. Nilipoteza jioni nzima. Kumbe kwenye Debian, Ubuntu na ndugu zao, ambazo ni aina za Linux, kitu kimoja hugawanywa vifurushi viwili. `libdbus-1-3` ni cha kuendeshea programu zilizokwisha kuundwa. `libdbus-1-dev` kina faili za vichwa, zile zinazoiambia kompaila kazi zilizomo zinaitwaje na zinapokea nini. Anayetumia anahitaji cha kwanza, anayeunda anahitaji vyote viwili. Ukiambiwa kitu hakipo na wewe unakiona, tafuta kifurushi chenye `-dev` mwishoni kabla hujamlaumu mtu.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Kwanza sakinisha vifaa vya kazi:

`sudo apt install build-essential cmake git libdbus-1-dev`

Kisha unaushusha msimbo kwa `git clone` ikifuatwa na anwani ya mradi. Ongeza `--depth 1`, utaletewa hali ya sasa tu bila historia yote ya mradi, na bando lako litakushukuru. Ukiwa ndani ya folda yenye faili la `CMakeLists.txt`:

`cmake -S . -B build`

`cmake --build build -j4`

`sudo cmake --install build`

Hiyo `-j4` ni mafundi wanne kwa wakati mmoja. Kwenye Raspberry Pi yenye RAM ya GB 1 mafundi wanne wanaweza kugombania nafasi mpaka mfumo ukaiua kazi katikati, bila maelezo ya maana. Weka `-j1`, kachemshe chai.

Kusakinisha ni neno kubwa kwa jambo dogo: ni kunakili. Faili zilizoundwa zinatolewa kwenye folda ya `build` na kupelekwa `/usr/local`, mahali ambapo programu nyingine zimezoea kutazama. Kwa kuwa pale ni pa mfumo mzima, unaombwa nywila ya msimamizi. Kama kompyuta si yako, kwenye ile amri ya kwanza ya `cmake` ongeza `-DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/.local` na vitu vitakaa nyumbani kwako bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ukitoka hapo, endesha `sudo ldconfig`. Linux ina daftari la maktaba za pamoja, zile zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na hiyo amri inalisasisha. Nisingeijua, programu yangu ingeendelea kuapa kwamba maktaba haipo, nami nikiiona kwa macho yangu ndani ya `/usr/local/lib`.

Je, kuna ulazima wa kuunda mwenyewe? Mara nyingi hakuna. Kama kifurushi tayari kipo kwa mfumo wako, kichukue ulale mapema. Unaunda pale toleo lililoko ni la zamani, au mashine yako haikufikiriwa na waandaaji wa vifurushi, au unataka kurekebisha kitu ndani.

Shemeji hakujali lolote kati ya haya. Alichotaka ni namba, na siku ya kwanza namba zilikuja na kupotea. Nikaanza kuufungua msimbo nitafute kosa. Yeye akauliza tu, "Hicho kidude umekiweka wapi?" Nilikuwa nimekizika chini kabisa, kati ya samaki na barafu iliyoanza kuyeyuka. Bluetooth hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na maji huyanywa mawimbi hayo vibaya sana, ya chumvi ndiyo zaidi. Tukakifunga chini ya mfuniko kwa uzi wa nyavu, namba zikatulia. Kule juu joto linasomeka kubwa kidogo kuliko lililoko kwenye samaki, hilo tumeliacha.

Na usiifute folda ya `build` kwa haraka ya usafi. Kwa kawaida CMake haiachi amri ya kuiondoa maktaba, ila ndani ya folda hiyo kuna faili la `install_manifest.txt` lenye orodha ya kila faili iliyonakiliwa na ilipowekwa. Siku ukitaka kuing'oa, hiyo orodha ndiyo itakayokuambia cha kufuta.